Siku Niliyokimbia Kiti cha Baraza

Ni afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Kanyenye, maana wao wakisimulia huongeza chumvi mpaka mboga hailiki: ndiyo, mimi ndiye yule mgombea aliyeacha suruali yake kwenye shimo la udongo mbele ya Bwana Shauri, karani wake na karibu mtaa mzima, na hata leo nikipita walipokaa wazee wenzangu lazima mmoja ashike mkanda wake na kuukaza, na wengine wote waangue kicheko. Mimi nacheka nao. Nitafanyaje?

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Tabora ya wakati ule, jamani! Treni ikipiga honi stesheni, kila mtu anajua ni saa ngapi, asubuhi vichochoro vinanukia kahawa na nta, na walikuwapo bado wazee wachache waliowahi kubeba mizigo mabegani hadi pwani, wamekaa vibarazani wanatucheka sisi tunaolalamika miguu kwa kwenda Nzega na baiskeli. Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Kanyenye, nimebatizwa Petro, nina mke na watoto wawili, najulikana na kila mtu aliyewahi kupata pancha, na kujulikana huko ndiko kulikoniponza.

Siku moja karani wa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akaja na tangazo kwamba mtaa wetu utachagua mjumbe mmoja wa baraza la mji, na safari hii wanawake nao watapiga kura. Nikajitokeza. Nilikuwa na neno moja tu: bomba. Mtaa wetu haukuwa na maji, wanawake walishuka kisimani bondeni alfajiri na kupanda na debe kichwani, mke wangu akiwa mmojawapo na mama yake mmojawapo, na tulikuwa tumesikia kwamba fedha za baraza mwaka ule zingetosha jambo moja tu, kwa hiyo yote yalitegemea nani atakaa kwenye kile kiti na atasema nini. Aliyegombea nami alikuwa Hamisi fundi cherehani, mtu mpole na mcheshi, na yeye alitaka paa la soko.

(Msinicheke, lakini suti yangu nyeupe ya kugombea ilishonwa na Hamisi huyohuyo, maana mjini hapakuwa na fundi wa kumkaribia. Alinipima kiuno, akaongeza inchi nne. Nikamwuliza, "Hamisi, hii haitakuwa kubwa?" Akasema, "Ukishakuwa mheshimiwa utanenepa, sitaki unirudie kila mwezi nikupanulie." Mtu anakushonea suti ya kumshindia yeye mwenyewe, na bado anakuachia nafasi ya kitambi! Ndivyo watu walivyokuwa. Mkanda sikuwa nao, nikakunja kiunoni nikabana kwa pini.)

Sasa kosa langu lilianzia hapa. Karani alituita wawili, akatuuliza tunataka kura ipigwe vipi: kila mtu aingie chumbani peke yake atie punje ya hindi kwenye chungu cha anayemtaka, au watu wapange mistari uwanjani mbele ya wagombea, kila mgombea kwenye kiti chake, wahesabiwe mchana kweupe. Hamisi akasema kwake yeye yote sawa. Mimi nikaruka juu: "Mistari!" Nilijua nina watu wengi, na nilitaka wawe wengi huku kila mtu anaona, nimekaa kwenye kiti na suti yangu, mstari unanitazama mimi hadi mwisho wa uwanja. Majivuno tu. Karani akaandika, na akaongeza kwamba mgombea asiyekuwa kwenye kiti chake wakati wa kuhesabu, mstari wake hauhesabiwi. Nikasema sawasawa kabisa.

Nilisahau kitu kimoja. Nilimsahau mama mkwe.

Kwetu sisi Wanyamwezi mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia majanini, anapita, ndipo unarudi, na jina lake hulitaji (hata hapa hamtalisikia). Wengine huwa wanalegeza wajukuu wakizaliwa, lakini mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kizamani kutoka kijijini Lusu, na mimi nilikuwa mwoga. Alihamia Kanyenye baada ya kufiwa na mumewe, akajenga nyumba vichochoro vitatu kutoka kwangu, na kwa miaka yote hiyo tuliishi kwa kupishana kama zamu za stesheni: yeye misa ya kwanza, mimi ya pili, yeye sokoni asubuhi, mimi jioni. Sura yake sikuijua. Nilijua mwendo wake tu, maana mguu mmoja aliuburuta kidogo.

Siku ya kura ikafika. Uwanja ulikuwa nyuma ya soko, karibu na mafundi matofali, na hatua kumi hivi nyuma ya kiti changu kulikuwa na shimo la udongo uliokandwa tayari kwa kazi ya kesho yake. Bwana Shauri alikaa mezani chini ya mwavuli, karani pembeni. Watu wakaanza kupanga, na mstari wangu, nawaambia kweli, ulikuwa mrefu kuliko wa Hamisi mara mbili. Nilikuwa nimekunja nne, nasalimia kwa kidole.

Ndipo wakaja wanawake wa vichochoro vya juu, kundi zima, wanaimba, wanaelekea mstari wangu. Na katikati yao nikaona mguu unaburutwa.

Sikufikiri. Ningefikiri ningekaa. Lakini miguu yangu ilikuwa na mazoea ya miaka, ikaniinua kitini, ikageuka, ikakimbia, na mimi juu yake. Mtu mmoja mbele ya mstari alipoona mgombea anatoka mbio namna ile akapiga kelele, "Nyoka!" na mstari wangu mzuri ukapasuka huku na huku, wengine wakakimbilia upande wa Hamisi, Hamisi anawafukuza kwa mikono, "Rudini kwenu, jamani, rudini kwenu!" Mimi niliruka nyuma ya lundo la matofali, nikatua katikati ya shimo, udongo hadi kiunoni.

Nikajivuta kutoka. Nilitoka mimi. Suruali ilibaki, pini na inchi zake nne, imeshikwa kule chini, na nilipojaribu kuivuta ilizidi kuzama. Nikabaki nyuma ya matofali na koti jeupe juu na chupi ya kaptula chini, natweta.

Mke wangu akaja mbio. "Baba Tereza! Toka! Bwana anatazama saa yake, amesema dakika tano!"

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwenye mstari wako."

"Mwombe asogee pembeni kidogo, nirudi."

"Asogee aende wapi? Kwa Hamisi?"

Nikamwambia aende tu. Akaenda, akarudi, kanga inamdondoka. "Mama anasema amekuja kumpigia kura mkwe wake na hasogei. Anasema wewe toka ukae, yeye amejifunika na amekupa mgongo."

Nikachungulia. Ni kweli. Alikuwa amejifunika kaniki kuanzia utosini, amesimama wima, mgongo kwenye kiti changu, uso kwenye soko, na wale wanawake wote aliokuja nao wamegeuka vilevile kwa ajili yake. Kumbe alikuwa amelipanga jambo lile tangu nyumbani, akajua atasimamaje na wenzake watamkingaje. Aliyekuwa hajafikiri ni mimi. Waliobaki katika mstari wangu ni hao tu, maana wengine wote walikuwa wamekuja kuona nyoka, wakaniona mimi.

"Toka basi!" mke wangu akasema.

"Mama Tereza, sina suruali."

Akanitazama. Akatazama shimo. Sijawahi kumwona mtu anataka kulia na kucheka kwa wakati mmoja namna ile. Akavua kanga ya juu anipe nijifunge, na ningeweza, wallahi ningeweza, lakini niliufikiria ule mgongo, nikafikiria upepo, nikafikiria yule mama anageuka kwa bahati mbaya na kumwona mkwe wake amejifunga kanga ya binti yake mbele ya serikali, nikamrudishia.

Huku nyuma nikamsikia Bwana Shauri anauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Huyu anaogopa mama yule?"

Karani akasema, "Haogopi, bwana. Anamheshimu."

"Kwa kukimbia?"

"Ndiyo, bwana. Kwa kukimbia."

Bwana akavua kofia yake, akajipepea, akatia saa mfukoni. Wakahesabu. Mstari wa Hamisi ukapata kiti, na mstari wangu, kwa kuwa haukuwa na mwenyewe, haukuhesabiwa. Mama mkwe wangu hakuondoka mpaka wa mwisho amehesabiwa. Alisimama kwenye jua lile amekipa mgongo kiti kitupu, kisha akajitwika kapu lake akaenda zake. Mshindi mwenyewe ndiye aliyeniletea shuka, akaniambia, "Petro, pole, kosa ni langu, ningekushonea ya kubana." Mpaka anakufa Hamisi alikuwa rafiki yangu.

Mtaa ulinicheka mwaka mzima. Hilo nililivumilia. Nililoshindwa kuvumilia ni asubuhi, nikiwa nafungua kibanda, kuuona kwa mbali ule mguu unaburutwa kupanda kutoka kisimani na debe juu. Paa la soko lilijengwa, zuri, sina ubaya nalo, lakini debe lile lilikuwa juu ya kichwa cha mtu aliyesimama juani kwa ajili yangu bure. Nikaona aibu ya kweli, si ile ya suruali.

Basi nikaanza kuamka mapema. Nashuka kisimani na baiskeli, madebe mawili nyuma, nayaweka kwenye kona ya ua wake, napiga kengele mara mbili, natoweka kabla mlango haujafunguka. Kesho yake nakuta madebe matupu palepale, na ndani mna karanga, siku nyingine viazi, siku moja jogoo mdogo kafungwa miguu. Neno hatukusemezana hata moja. Ikaenda hivyo miaka minne.

Mwaka wa nne Hamisi akapigania bomba kikaoni mpaka likaja, likafungwa karibu kabisa na ua wa mama mkwe wangu. Siku ya kulifungua watu walipiga vigelegele, maji yakaruka, watoto wakalowa, na mimi niliyelitaka bomba lile kuliko wote nilirudi nyumbani mnyonge, sina hamu ya kula.

Kesho yake nikaamka saa ileile kwa mazoea, nikapita pale kama mtu anayekwenda mahali pengine. Bomba lilikuwa linamwaga maji, wanawake wamepanga foleni. Na kwenye kona ya ua madebe mawili yalikuwa yamewekwa, matupu, na karanga ndani. Nilisimama pale machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Kisha nikayafunga kwenye baiskeli, nikashuka bondeni.

Cheo chochote sijagombea tena tangu siku ile, hata cha kutunza vitabu vya kwaya, na sitagombea. Kazi ile ya madebe niliifanya mpaka mama mkwe wangu alipofariki, na uso wake sikuwahi kuuona.