Karatasi Kwenye Magari ya Watu

Asubuhi ile walikunja karatasi, kama asubuhi nyingine zote. Mke alikaa upande wa dirisha, mume upande wa mlango, na katikati yao palikuwa na meza, birika la chai na rundo la vipeperushi. Mke alikunja mara ya kwanza, mume akakunja mara ya pili, kisha akapitisha mgongo wa mwiko wake wa kujengea juu ya mkunjo ili karatasi ilale. Mwiko huo ulijenga nyumba za watu miaka thelathini na mitano. Magoti yalipokataa kupanda ngazi, ukawa mwiko wa kunyoosha karatasi.

Siku moja mzee alisema heshima ya mwiko imeshuka. Mkewe akamwambia haikushuka, imekaa chini kupumzika.

Mzee hakusoma. Katika maandishi yote ya karatasi ile alijua herufi moja tu, ile kubwa ya juu kabisa, iliyofanana na ngazi ya miguu miwili. Mkewe alimfundisha kwamba ngazi isimame, isije ikawa miguu juu. Hapo mwanzo alikosea, akakunja maandishi kwa ndani, na magari arobaini yakapata karatasi nyeupe tupu. Mkewe hakumgombeza. Alisema wenye magari watadhani ni barua ya mapenzi kutoka kwa mtu mwenye haya.

Basi asubuhi ile, karatasi zikiwa zimebaki chache, mke akauliza, “Mzee wangu, hivi kuweka karatasi kwenye gari la mtu ni kosa?”

Akajibu, “Sijui.”

Mke alisema haya, ataenda kuwauliza wanaojua. Akafunga kitambaa kichwani, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja, akachukua mfuko. Chai yake aliiacha nusu kikombe. Alirudi mchana akasema kichwa kinamuuma, akalala. Siku ya tatu hakuwepo tena duniani. Katika siku hizo ulimi wake ulikuwa mzito, na neno la kueleweka halikumtoka.

Kwa hiyo swali lile la mezani ndilo la mwisho alilomuuliza mumewe katika miaka arobaini na mmoja. Na jibu alilolipata ni sijui.

Hilo ndilo lililomkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki. Watu walikuja kumpa pole, wakamwambia kazi ya Mungu haina makosa, naye akaitikia. Moyoni alikuwa anatafuta jibu. Ni kosa au si kosa?

Mkewe watu walimwita Mama Upindo. Cherehani alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mwenye jicho kali na kofi la karibu. Kisha aliingia kiwanda cha sare, na kwa miaka ishirini na miwili alishona upindo wa chini wa suruali. Wenzake walishona mifuko, wengine zipu, yeye upindo. Alisema suruali nyingi za mji huu zimepita mikononi mwake lakini hajawahi kuiona hata moja ikiwa nzima.

Hapo kiwandani ndipo mzee, wakati huo kijana mwashi, alipomjua. Yeye alikuwa nje anajenga ukuta, na Mama Upindo, aliyekuwa bado msichana, alimtuma mtu amwambie ukuta wake umepinda. Mwashi alicheka. Kisha akasubiri watu waondoke, akaupima. Ulikuwa umepinda upana wa kidole. Akaubomoa, akaujenga upya, na mwezi uliofuata akatuma wazee kwao. Alipoulizwa kwa nini anamtaka huyo, alijibu kwamba mtu mwenye jicho kama lile ni afadhali uwe naye ndani kuliko akubakie nje.

Kiwanda kilipofungwa, Mama Upindo aliweka cherehani kwenye chumba cha mbele, akasubiri wateja. Wateja hawakuja. Barabara kubwa ilikuwa imehamia upande mwingine, na mtaa wao ukabaki na kuku na wazee. Miezi ikapita. Siku moja alirudi kutoka stendi ya mabasi akiwa anatabasamu peke yake, akamkalisha mumewe chini na kumpa hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuipinga. Mwenye gari hatembei. Asiyetembea hunenepa. Anayenenepa suruali humbana. Kwa hiyo mteja wake yumo ndani ya gari.

Karatasi zikachapwa. Juu ziliandikwa ACHA KUBANWA, ngazi ikiwa mwanzo. Chini yake: tunapanua, tunapunguza, tunabadili zipu. Mwisho namba ya simu.

Hakuweka kila gari. Aliegemea kioo, akaangalia kiti cha dereva. Kiti kikiwa karibu na usukani alipita, huyo bado mwembamba. Kikiwa kimesukumwa nyuma, alichomeka karatasi chini ya waipa ya kioo, taratibu, bila kuinyanyua sana. Alipenda zaidi maegesho ya stendi, kwa kuwa wasafiri huyaacha magari yao pale wiki mbili, wiki tatu, na wakirudi safarini wamekula vya watu.

Mlinzi wa maegesho ndiye aliyeleta neno la kosa. Alimwambia anavunja sheria. Mama Upindo akamuuliza ipi. Mlinzi akasema sheria ni sheria, mama. Akamuuliza tena ipi, mlinzi akaenda kufungua geti ambalo lilikuwa wazi.

Baada ya mazishi binti yao alikaa wiki moja, akafua kila kitu, kisha akarudi kwake mbali. Mzee akabaki na simu ya marehemu. Ikaanza kulia.

“Mama yupo?” mtu aliuliza. Alikuwa na sauti nene, anapumua kama amepanda ngazi. Alisema ana suruali ya suti inamkaba.

Mzee alitaka kusema amekufa. Neno likageuka mdomoni. Alisema, “Hayupo.”

“Anarudi lini?”

Mzee akakata simu. Kesho yake yule mtu akapiga tena, na mwingine, na mwanamke mwenye gauni la kazini. Wote mzee aliwaambia hayupo, na wote wakasema watapiga tena. Akaona amemweka mkewe safarini, na kila siku anaulizwa habari za safari.

Ndipo alipoamua kwenda kuziondoa karatasi. Kama kuweka kulikuwa kosa, basi kosa litakuwa limeondolewa. Kama halikuwa kosa, simu walau itanyamaza. Hesabu yake haikuwa nzuri kama ya mkewe, lakini ndiyo aliyokuwa nayo. Alichotaka hasa ni jibu, ila jibu hakujua linakaa wapi. Karatasi alijua zilipo.

Alichukua mfuko uleule, akaenda stendi. Magari yalikuwa na vumbi la siku nyingi. Karatasi alizitambua kwa mbali, mkunjo umelala sawasawa, kazi ya mwiko. Akachomoa moja, mbili, mpaka tisa. Ya kumi alipoishika, mkono ukamshika naye.

“Mzee, gari la nani hilo?” Alikuwa mlinzi.

Mzee alisema hajui.

“Hujui gari la nani na unalipekua.”

Mzee akamwonyesha karatasi. Mlinzi aliitazama, akamtazama yeye, akasema kumbe ni nyinyi. Mmoja anaweka, mmoja anaondoa, na yeye kazi yake ni nini? Akampeleka kwa karani wa maegesho, chumba kidogo chenye feni iliyokuwa inageuka bila kupoza chochote.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimpa mzee kiti kwanza, ndipo akauliza kuna nini. Mlinzi alieleza kwa kirefu. Mzee alieleza kwa maneno matano: karatasi za mke wangu, amefariki. Mlinzi akavua kofia.

Kisha mzee akauliza lile lililomleta, ingawa hakuwa amejua kwamba ndilo lililomleta. “Binti yangu, kuweka karatasi kwenye gari la mtu ni kosa?”

Karani akatoa faili la kanuni za mji, akapitisha kidole. Alisoma kwamba hairuhusiwi kubandika tangazo ukutani, kwenye nguzo, uzio, lango wala mti. Gari halikutajwa. Mlinzi alisema gari lina milango, na lango si mlango mkubwa? Karani akamwambia basi na yeye ana meno, labda ni msumeno.

Akaendelea. Palikuwa na kanuni ya kutupa karatasi ovyo. Mzee akasema mkewe hakutupa, alichomeka. Mlinzi akauliza, na ikidondoka? Mzee akafikiri, akauliza naye, ikidondoka, aliyeitupa ni mke wake au ni upepo? Wote wawili walimwangalia, wakarudi kwenye faili.

Karani akapiga simu ofisi ya mji. Wakamwambia mambo ya magari awaulize askari wa barabarani. Akawapigia. Wakauliza gari lilikuwa linatembea? Akasema limeegeshwa. Wakasema lililoegeshwa si lao, aulize mji.

Kichwa cha mzee kilikuwa kimeanza kuwa kama zege lililozidi maji. Akauliza, na kuondoa je, ni kosa?

Hapo karani alifunga faili. Alisema kitu kikishawekwa kwenye gari la mtu ni chake, mpaka mwenyewe akikatae. Anaweza kukitupa, anaweza kukisoma. Mwingine akikichukua, amechukua cha mtu. Kwa hiyo alionavyo yeye, baba azirudishe.

“Nimsimamie aweke?” mlinzi aliuliza. “Mimi niliyekataza?”

“Kurudisha si kuweka,” alisema karani, lakini uso wake ulionyesha hana uhakika.

Wakatoka wawili, mlinzi na mzee, na karatasi tisa. Likazuka tatizo jingine, maana mzee hakukumbuka ametoa kwenye magari gani. Yote yalikuwa na vumbi, yote yalifanana. Akasimama katikati kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Kisha akakumbuka viti.

Akamweleza mlinzi. Mlinzi akaona ni upuuzi, halafu akaweka viganja kando ya macho, akachungulia kioo cha kwanza. Akasema hiki kipo karibu. Wakapita. Cha pili karibu. Cha tatu akakaa anachungulia.

“Hiki kimerudi nyuma.”

“Sana?”

“Kama kitanda, mzee.”

Wakaweka. Walikwenda hivyo mstari mzima, mlinzi anatangaza, mzee anachomeka, ngazi ikiwa imesimama. Kwenye gari la sita mlinzi aliutazama mkanda wake mwenyewe, uliofika tundu la mwisho.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa ile sauti nene. Mama amerudi?

Mzee aliegemea gari la mtu asiyemjua. “Amefariki,” alisema. “Wiki mbili sasa.”

Mzee alimsikia yule mtu akipumua. Mwishowe akasema, “Pole sana, mzee. Basi hii suruali nitaivaa hivyohivyo.” Na mzee, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alitaka kucheka, akashindwa kuamua, macho yakamwamulia.

Karatasi ya tisa haikupata gari. Labda mmoja alikuwa amesharudi safarini. Mlinzi aliikunjua, akaikunja tena, akaitia mfukoni mwa shati.

Walirudi kwa karani kutia sahihi. Karani alikuwa na daftari la maulizo, na aliandika neno kwa neno yale watu wanayosema, kwa sababu mteja mmoja aliwahi kumkana mbele ya mkubwa wake. Aliandika swali la mzee, akampa wino wa dole gumba. Kisha akasita. Akasema kuna mama alikuja na swali hilihili, yeye mwenyewe alikuwa amesahau kwa wingi wa watu. Akarudisha kurasa nyuma, nne, tano, akaweka kidole.

“Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi?”

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akavuta kiti karibu na meza, kama mtu anayetaka kusoma. Akaona mistari minne ya wino wa bluu, na chini yake pale pa jibu pakiwa peupe. Hakuna aliyeandika kitu. Karani aliomba radhi kwa hilo. Mzee akamwambia asome tu yaliyopo, asipunguze wala asiongeze, naye akasoma:

“Andika kwamba nimemuuliza mzee wangu, akasema hajui. Miaka arobaini na mmoja hajawahi kunijibu kitu asichokijua, ndiyo maana nyumba zake hazijaanguka. Na wewe kama hujui sema hujui, binti, usinitafutie sheria. Nirudi nyumbani, chai yangu nimeiacha mezani.”