Wifi Mbele ya Ubao

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kwetu akitokea mbali, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Hesabu alizijua, mdomo ndio ulikuwa mzito. Shule yao ya serikali ina watoto wa kila lugha, na ina utaratibu wake: hupandi kidato mpaka uwaeleze wenzako hesabu moja kwa sauti, wazazi wakisikia. Mume wangu alishasema, akirudishwa nyuma, shule basi.

Nilikaa mwisho wa darasa, mwanangu mgongoni. Wifi aliandika hesabu ya tangi na mabomba, kisha, badala ya kuieleza, akawa anazipitishia chaki tarakimu zilezile. Mume wangu akainuka kidogo kitini, kama anayetaka kuondoka.

Ndipo Kasuku, msichana anayekaa naye dawati moja, akasimama.

"Shoga, umekosea. Hapo unajumlisha."

Nilishangaa. Jana sebuleni kwetu Kasuku aliifanya hesabu hiyohiyo, akaipata.

"Si kujumlisha, natoa!" wifi akafoka.

"Unatoa kwa nini? Kwa urembo?"

"Kichwa maji wewe! Bomba hili linaingiza maji, lile linavujisha. Ukijumlisha, maji yaliyovuja utayarudisha na nini, na kijiko?"

Darasa likaangua kicheko. Wifi hakukwama tena. Kiswahili kilikwenda upogo, lakini kilikwenda, mpaka jibu.

"Umepanda," mwalimu akasema.

Mume wangu akajiegemeza kitini, akanong'ona, "Kumbe ana mdomo hivi?"

"Muulize Kasuku," nikamjibu.