Siku Mdogo Wangu Alipoanguka Kura

Mdogo wangu alikuwa mbunge Amerika kwa kipindi kimoja. Si lile bunge kubwa la kwenye televisheni. Lake lilikuwa la jimbo, tena jimbo la katikati huko, lenye mahindi, theluji na nguruwe wengi kuliko watu. Niliwaeleza hivyo wateja wangu mpaka nikachoka. Nashona nguo mjini hapa Durban, na wakati ule hakuna aliyekuja kupimwa gauni bila kuniuliza, mikono bado ameinyoosha, kama mheshimiwa hawezi kumsaidia mambo ya visa. Nilisema hawezi. Wakasema nina roho mbaya.

Kwetu Kongo mbunge ni gari la vioo vyeusi na watu wa kumfungulia milango. Mdogo wangu aliondoka hapa kwa mpango wa wakimbizi, baada ya miaka ya kubeba maboksi kwenye ghala moja Mobeni, na kule akaanza kubeba nyama kiwandani. Watu wa mji wake mdogo walimpenda kwa sababu hajui kununa, wakamchagua. Bunge lao hukaa miezi michache tu, halafu kila mtu anarudi kazini kwake. Yeye alirudi kwenye nyama. Picha ya kwanza aliyotutumia baada ya kuwa mheshimiwa, alikuwa amevaa aproni na kofia ya plastiki. Mama aliitazama sana, akaniambia nisiionyeshe kanisani.

Katika maisha yake yote ya siasa alipitisha sheria moja, na ilihusu mizani ya kupimia nguruwe. Ilikuwa sheria nzuri, maana wakulima wadogo walikuwa wanapunjwa. Lakini kanisa letu halili nguruwe, wala halimtaji ikiwezekana. Siku ya Sabato Mama alisimama kutoa ushuhuda, akasema mwanawe ametetea mifugo ya wanyonge. Watu wakaitikia amina.

Uchaguzi uliofuata akaanguka. Alipiga simu asubuhi, tukinywa chai nyumbani Cato Manor.

"Yaya, nimeanguka," aliniambia mimi dada yake mkubwa, kama mtu aliyeachwa na basi. Nikampa pole. Simu ilikuwa kwenye spika, na Mama alisikia.

Aliweka kikombe chini. "Toka kwa hiyo nyumba," alimwambia. "Beba watoto. Usipitie mulango ya mbele."

Mdogo wangu alicheka. Akamweleza kwamba huko hakuna mambo hayo, na kwamba ameshampigia simu aliyemshinda kumpa pongezi.

"Anajua pa unakaa?"

"Anajua, Mama. Alishakuya kukula hapa."

Mama akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyempikia huyo mtu.

Nyumbani kwetu jambo hili halisemwi, lakini bila hilo huwezi kumwelewa Mama. Baba yetu aligombea uongozi kule kwetu kando ya ziwa, mimi nikiwa msichana na mdogo wangu bado anabebwa mgongoni. Alishindwa. Alimpa mshindi mkono mbele ya watu wote. Wiki haikuisha, wanaume wakaja kumwita kwa adabu kabisa, akavaa viatu akaenda nao. Mpaka leo hatujaonyeshwa hata kaburi. Mdogo wangu hakumbuki. Mimi nakumbuka, kwa hiyo sikucheka.

Mama aliacha kula, hata sombe, kisamvu cha kwetu. Hakuwa anagoma. Alisema tu chakula hakitapita kooni mpaka mtoto atoke kule. Aliniamuru nitoe vitambaa vyangu kwenye chumba kidogo, akaenda kumnunulia mwanawe godoro, akarudi nalo kwa taxi, na dereva akalilipisha nauli kama abiria. Presha yake ikapanda. Mchungaji alikuja kumtuliza, akamwambia mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama akamjibu kwamba yeye hakutafunwa na unyasi.

Mimi nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia aache kumfundisha Mama demokrasia, kwa sababu mama yetu anakwisha tukimwangalia. Akasema atakwenda kwa yule bwana aliyemshinda.

Walitupigia Jumapili alasiri. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Sabato. Kwenye simu akatokea mzungu mnene, kikombe mkononi, amesimama bega kwa bega na mdogo wangu uani kwake. Mbwa wake alikuwa amelala juu ya viatu vya mdogo wangu.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Baba, mimi niko mama yake," alisema. "Bwana yangu pia alianguka kura. Wale walimushinda walikuya kumubeba, na hajarudia. Wewe mutoto wangu umemuacha, analala kwake. Aksanti. Naomba uendelee vile vile."

Mdogo wangu hakuwahi kumsikia akilisema jambo la Baba. Alitazama chini, kwa mbwa. Mzungu alisubiri, akitabasamu kwa heshima. Mwishowe mdogo wangu akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anakupongeza kwa ushindi wako. Kiingereza changu si kingi, lakini hicho nilikielewa.

Yule bwana aliinua kikombe. Akasema mdogo wangu ni mtu mwema, kampeni yake ilimtoa jasho, na anaomba asigombee tena.

"Amesema nini?" Mama aliniuliza.

"Amesema hatamufanya kitu."

"Ameapa?"

Nilimtazama yule mzungu. Alikuwa ameinama anampapasa mbwa.

"Ameapa," nikasema.

Mama akanirudishia simu, akakaa kwenye kiti.

"Ile sombe ya jana," akasema, "ingali iko?"