Mguu wa Kulia wa Ghalib

"Mafuta ya papa, Ghalib! Kwenye pedeli! Ngoma hii imekuwa mashua?"

"Springi ilikuwa inalia, Kaltuma. Chumvi ya hapa inakula chuma."

"Basi sasa hailii, imeganda. Na nyumba nzima inanuka."

Mwanangu Ghalib akamsukumia mkewe pedeli. Amechoka. Miaka ishirini na sita anapiga ngoma kwenye harusi za Kismayo, na mguu ule wa kulia, unaokanyaga pedeli rungu ligonge ngoma kubwa, ndio uliotulisha. Ujanani mwake akikanyaga hapa, mbuzi wa kisiwani Kudhaa wanazaa kabla ya siku zao. Anayebisha akawaulize mbuzi. Sasa goti limevimba kama boga, na Idarus, mkuu wa bendi, amesema atakuja alasiri hii kumsikiliza. Mguu ukichelewa tena kwenye mdundo, harusi ya Ijumaa itapigwa na kinanda chenye ngoma ndani yake.

Kaltuma akaisugua pedeli kwa mafuta ya taa, huku ananuna. Ghalib akaikaza springi mpaka mwisho, akainua kisigino, akakanyaga kwa paja zima. Rungu likajikita kwenye ngozi, likabaki pale. Akafumba macho kwa maumivu.

"We mchu," nikamwambia, "mtu mzima wewe, unaua nge?"

"Mama, niache."

"Sikuachi. Mimi nimetwanga tangu sijaota meno. Mchi ukishagonga, kinu chenyewe kinakurudishia. Wewe unaulalia. Na kiti gani hicho, goti juu kama umechuchumaa chooni?"

Kaltuma akacheka, kisha akaona haya, akaenda kuleta mto akamtilia kitini. Ghalib akailegeza springi mizunguko mitatu. Akalaza kisigino, akapiga kwa wayo tu. Rungu likagonga, likarudi lenyewe. Akapiga tena. Tena mbili za haraka.

Hakutabasamu. "Sauti ndogo. Ukumbini haifiki."

"Watakuwekea maikrofoni," alisema Kaltuma. "Goti je?"

"Linauma kidogo."

"Kidogo ya jana, au kidogo ya kweli?"

Akajifuta jasho kwa kikoi. "Ya kweli. Lakini nyimbo ni za saa tatu mfululizo, Kaltuma. Na wakinitoa kwenye kiti hiki, mimi sijui kazi nyingine, nitakwenda wapi na..."

"Hodi!"

Kabla hatujamkaribisha, Idarus alikuwa ndani, viatu mkononi. Akavuta mkeka, akakaa mbele ya ngoma. Ghalib akalaza kisigino kwenye pedeli, akaanza kwa wayo.