Sindano ya Idabel Rusk Yagoma

Umewahi kusikia sindano imegoma?

Basi sikiliza. Ni saa nane kasoro robo mchana, Jumamosi, tarehe ishirini na tisa Februari, katika ukumbi wa zamani wa wakulima hapa Marlow Falls, Ohio. Nje theluji imerundikwa pembeni. Ndani mabwana wenye makoti ya mikia wanavuta glavu nyeupe kidole kimoja kimoja, na mabibi wanaingia kwa ubavu, kwa sababu gauni la mwaka 1860 lina pete za chuma chini yake na haligombani na mlango likashinda.

Dansi linaanza mchana. Zamani lilikuwa la usiku, lakini siku hizi nusu ya mabwana hawaioni barabara gizani.

Chumba kidogo kilicho kushoto kwa jukwaa ndicho mahali pa kazi pa Idabel Rusk, mwenye umri wa miaka sitini na minane. Hapa ndipo bibi hukimbilia akikanyagwa pindo. Mezani pana kisanduku cha bati chenye nyuzi za rangi kumi na nne, pini mia mbili na kastabini ya kidoleni ya marehemu mama yake, ile ya shaba yenye kibonyeo upande mmoja. Kila mwaka kisanduku hicho huwa wazi. Leo kina kufuli, na juu yake karatasi yenye neno moja: JISHONEENI.

"Miaka ishirini na miwili nimepiga magoti nyuma ya visigino vyao," anasema Idabel, huku akizipiga pasi glavu zake mwenyewe. "Leo magoti yangu yana shughuli nyingine."

Siku za kazi yuko kwa dobi, mtaa wa mbele, anafupisha suruali na kubadilisha zipu kwa dola kumi na saba kwa saa. Siku ya dansi chama humpa dola sitini na sahani ya nyama ya nguruwe na viazi, ambayo huila akiwa wima, maana hapo hapo atasikia, "Bi Rusk, marinda yangu!"

Chama chenyewe kina watu themanini na wanne: mafundi bomba, walimu, dereva wa lori la maziwa. Mara moja kwa mwaka wanacheza na kuamkiana kama mababu zao. Bwana hamsemeshi bibi kabla ya kutambulishwa. Bibi akimkataa bwana mmoja, hamkubali mwingine mpaka wimbo uishe. Na bibi haombi. Bibi hungoja kuombwa.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkalia Idabel kooni.

Alipofika mara ya kwanza hakuja kushona. Alikuja na mumewe, Dewey, mtu wa mabega mapana aliyejifunza dansi la walzi jikoni kwao, akihesabu moja-mbili-tatu kando ya jiko. Idabel alikuwa amejishonea gauni la buluu. Walikuwa wamefika katikati ya wimbo Bwana Everett Quimby, mkaguzi wa mavazi, alipomgusa Dewey begani.

"Akaniambia, 'Mama, mgongoni mwako pana zipu. Mwaka 1860 zipu haikuwepo,'" anakumbuka. "Watu wakaacha kuzunguka wakanitazama mgongo. Nikatoka. Huku chumbani nikamkuta mama mmoja analia, gauni limechanika mpaka kiunoni. Nikamshonea. Mwaka uliofuata wakaniita nije kushona."

Dewey hakurudi tena. Alisema kama hawamtaki mke wake, naye hawamtaki. Miaka minne baadaye akafa, moyo. Idabel akaendelea kuja, na gauni jeusi na aproni nyeupe, na aliyevaa aproni haombwi na bwana yeyote. Si kwa ubaya, hapana. Ni kwa adabu tu.

Kwa nini hakuacha? Idabel anaiinua pasi na kuishikilia hewani.

"Ningeondoka, ndipo wangekuwa wamenitoa kweli. Halafu muziki unapita mlangoni. Huwezi kuufungia komeo."

Miongoni mwa desturi za kale ipo moja aliyokuwa akiingoja. Mwaka mrefu, siku ya ishirini na tisa Februari, mambo hugeuzwa: mabwana hukaa ukutani na vipepeo mkononi, wakijipepea kwa haya, na mabibi ndio wanaoomba. Bwana havuki ukumbi asiposhikwa mkono na bibi. Mara zote zilizopita siku hiyo ilimkuta Idabel magotini, sindano mkononi.

Januari kamati ikaifuta. Mwenyekiti, Bi Corliss Haverkamp, mama mwenye sauti ya kengele, anasema hawakuwa na nia mbaya. "Mabwana walinung'unika. Miaka minne iliyopita mmoja alikaa saa mbili bila kuombwa, akaenda zake na keki yetu."

Idabel alisimama mkutanoni, yeye ambaye hakuwahi kusema neno pale. "Amekaa saa mbili?" akauliza. "Maskini! Mimi nimekaa miaka ishirini na miwili, na keki sijagusa." Watu wakacheka. Akawaambia kama sheria ya mabibi imefutwa, na sindano imefutwa. Wakacheka zaidi.

Leo hawacheki.

Saa nane na nusu wimbo wa kwanza unaanza, mabwana wanaomba kama kawaida. Dakika sita hazijapita, fundi bomba mmoja anageuka kushoto badala ya kulia na kukanyaga pindo la gauni la zambarau. Sauti ya kitambaa kuchanika inasikika juu ya fidla. Ni gauni la mwenyekiti.

Bi Haverkamp anaingia chumbani amekumbatia marinda yake kama kuku aliyenyeshewa.

"Idabel, mpenzi, haraka!"

"Soma karatasi, shoga."

"Mimi hata kifungo sijui kushona!"

"Basi leo utajifunza. Uzi wa zambarau ni wa tatu kutoka kushoto. Ufunguo ninao mimi."

"Kwa hiyo unataka niende na soksi nje mbele ya ukumbi mzima?"

"Mimi nilitoka na mgongo nje. Sikufa."

Nyuma yao mabibi wawili wamekwisha kupanga foleni, mmoja na mkono wa gauni uliofumuka. Yule wa mkono anasema polepole, "Corliss, mrudishie tu desturi yake. Na mimi nilitaka kuomba mwaka huu. Na mtu nimeshamchagua."

"Hata mimi," anasema wa pili.

Bi Haverkamp anafumba macho, anavuta pumzi. "Haya. Yarudi. Sasa shona!"

Idabel anashona. Mishono kumi na minane, midogo kama mbegu za ufuta, na uzi anaukata kwa meno. Kisha anavua aproni, anaikunja mara nne, anaiweka juu ya kisanduku. Gauni jeusi nalo analivua, na chini yake, kumbe, lipo jingine, la kijani cha jani la mnanaa, ambalo amelishona jioni baada ya jioni tangu mwaka juzi. Mgongoni lina kulabu thelathini na moja. Zipu haimo hata ya dawa.

Ukumbini tangazo linasomwa. Mabwana wanaguna, wanapewa vipepeo, wanakwenda ukutani. Bwana Quimby, mwenye miaka sabini na tisa na sikio moja linalosikia, anakaa kiti cha mwisho karibu na dirisha na kukifungua kipepeo chake kwa uangalifu, maana sheria ni sheria.

Idabel anavuka sakafu yote peke yake. Mabibi wanampisha. Anasimama mbele yake na kumgeuzia mgongo.

"Kagua."

Mzee anavaa miwani. Anahesabu kwa kidole bila kugusa, midomo ikicheza. "Kulabu," anasema hatimaye. "Kazi ya mkono. Safi sana, Bi Rusk. Sijaona kosa."

Idabel anageuka, anainama kama inavyotakiwa, ananyoosha mkono wenye glavu.

"Walzi inayofuata, Bwana Quimby, naiomba kwako."

"Kwangu?" Kipepeo kinasimama. "Mimi siku hizi nachoka mapema, mama. Sifiki mwisho. Kwa nini usimwombe kijana mwenye magoti?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyenikatiza. Mimi na Dewey tulikuwa tumefika katikati, ukamgusa bega. Usiogope, haitakuchosha. Ya mwanzo tulishaicheza." Mkono wake haushuki. "Nataka nusu iliyobaki."