Plasta Juu ya Taa ya Oili

Gari lenye turbo linataka barabara. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kilosa, kutoka kwangu hadi darasani ni dakika kumi kwa miguu, lakini nililinunua hivyohivyo, nikawa naliungurumisha asubuhi mbele ya wanafunzi. Shangazi yangu alipoliona aliuliza, "Sasa hilo, mwanangu, utalikimbiza wapi?" Nikamwona mshamba. Mungu anisamehe.

Kabla ya Pasaka taa ya oili kwenye dashibodi ikaanza kuwaka kila gari linaposimama, nikikanyaga mafuta inazima. Mtu mwenye akili angekwenda kwa fundi. Mimi nilikwenda duka la dawa, nikanunua plasta, nikaiziba taa.

Wakati huohuo barua yangu ya posa ilikuwa Mikumi kwa wazazi wa mchumba wangu, wiki ya tatu sasa, bila jibu. Mshenga alinionya: "Wanakuchunguza. Tulia kwako. Muoaji haonekani ukweni kabla hajajibiwa." Nitulie, mimi? Jumamosi nikajiambia nitapita Mikumi tu, wala sisimami, walione gari, wajue binti yao anaolewa na nani.

Wakaliona kweli. Nilipoingia tu barabara kuu pale Mikumi, injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko. Nikaizima upesi, gari likaserereka lenyewe hadi mbele ya gereji. Akatoka fundi mmoja, mtu mzima, anajifuta mikono kwa tambara. Nilimjua palepale, maana picha yake nilishaonyeshwa kwenye simu: baba yake mchumba wangu. Yeye hakuwahi kuniona hata kwa picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatokea wapi, kijana?"

Hapo ndipo mwanaume hujitambulisha. Mimi nikasema natokea Dumila, nafanya biashara ya ng'ombe. Ng'ombe! Mimi ambaye nikikutana nao njiani nahamia upande wa pili.

Nilimshikia beseni akamwaga oili, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akaitoa pampu ya oili. Akapitisha ukucha kwenye vigurudumu vyake vya ndani, vimelika vibaya. "Hii haisukumi tena," akasema. "Na turbo ikikosa oili haina subira. Bahati yako ulizima. Taa iliwaka lini?"

"Leo hii, mzee. Sasa hivi."

Akaingiza kichwa garini, akaibandua plasta, akaniwekea kiganjani. "Na hii ilijibandika yenyewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Pampu mpya iliagizwa Morogoro, ikaja na basi la mchana. Alinifundisha kuijaza oili kwanza kabla haijafungwa, kwa sababu pampu kavu haivuti. Nilikuwa naimimina taratibu aliposema, "Nina barua ya mwalimu mmoja wa Kilosa, anamtaka binti yangu. Wewe si unapitapita kule na ng'ombe wako? Unamsikiaje?"

Jamani, nilijisifu! Nikasema huyo namsikia ni kijana mtulivu, mkweli, mcha Mungu, hana makuu kabisa. Oili ilinimwagikia viatuni nikiwa bado naongea. Mzee aliguna tu, "Mh," akaendelea na kazi yake.

Alipokuwa anakaza nati za mwisho za sampo, mchumba wangu akatokea na hotpoti la chakula cha baba yake. Akanikuta nimelowa oili hadi viwikoni. Akasimama. Nikamkonyeza anifichie siri.

Baba yake aliweka spana chini. "Mama, unamfahamu huyu mfanyabiashara wa ng'ombe wa Dumila?"

Mchumba wangu aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu.

"Hapana, baba. Simfahamu."

Hakuwa ananifichia siri. Niliyaona macho yake. Wiki tatu nzima nilihofia baba atanikataa, kumbe anayeniponyoka ni binti mwenyewe, saa ileile, nimesimama namtazama.

"Mzee," nikasema, "sina ng'ombe hata mmoja. Mwalimu mwenye barua ni mimi. Na taa ilianza kuwaka kabla ya Pasaka."

Mzee hakushtuka hata kidogo. Akamgeukia binti yake.

"Na huyu je?"

Mchumba wangu akaliweka hotpoti chini.

"Huyu namfahamu, baba," akasema. "Mwoga, na ana majivuno. Lakini huyu namfahamu."

"Haya, mwalimu," mzee akaniambia. "Kanawe mikono, uje tule."