Mtandio wa Mjukuu Wangu Mpole

Wajukuu wangu wawili, watoto wa wanangu tofauti, walikuwa darasa moja, kidato cha nne. Majina yao siyaandiki, ingawa mie jina la mtu halinipotei. Mmoja mdomo mtupu. Mtihani ulipokaribia akilia, akibamiza milango: "Bibi, n'takufa na hesabu mie!" Kisha anakula sahani mbili za muhogo na kulala fofofo. Wa pili mpole. Ukimuuliza hali, "Sijambo, bibi," basi. Baba yake akimsifu barazani: huyu hanisumbui, huyu ndiye daktari wangu.

Sote tukimhofia yule wa makelele.

Ilipokaribia sikukuu niliwaita niwasuke. Wa mdomo nilimmaliza huku akipiga mayowe kama anayechinjwa. Nikasema haya, mwenzako. Mpole hakubanduka mlangoni, mtandio kaukaza kichwani, na ndani tulikuwa wanawake peke yetu.

"Unaficha chawa, shoga?" mwenzake akamtania, akauvuta.

Kisogoni palikuwa na mapengo, ngozi tupu kama ya kichanga.

"Nani kakufanya hivi?" Kicheko kilikuwa kishamkauka.

"Nanyonyoa mwenyewe. Nikisoma, mkono unakwenda tu. Na chakula hakikai tumboni."

"Ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Baba atasemaje, bibi?"

Mara tukasikia hodi. Baba yake. Mpole akajifunika upesi, akanikazia macho nisiseme. Nikakishika kitana kana kwamba nasuka.

"Daktari wangu hajambo?"

Mpole akaufungua mtandio kwa mkono wake, akamgeuzia kisogo.

Mwanangu akashika ukuta. "Tangu lini?"

"Tangu uliponiita daktari mbele za watu, baba."

"Hii hasadi. Shehe akamsomee."

"Asomewe," nikamwambia, "na hospitali aende."

Kesho yake tukawa hospitali, Chake Chake. Daktari, mwanamke wa makamo, alituomba tutoke, abaki na mtoto. Tukakaa kwenye benchi. Mwanzo hatukusikia kitu. Kisha sauti ya mjukuu wangu ikapanda, ikazidi kupanda, sauti ambayo nyumbani kwetu haijapata kusikika. Mwanangu akainuka kushika kitasa. Nikamkamata kanzu.

"Mama, analia!"

"Anasema, baba. Kaa."